Sensa sita ndani, mama amelala: alamu ya nyumba ipangwe vipi?

Swali: "Kaka fundi, habari za kazi. Nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam: vyumba vitatu, uzio wa tofali, geti la chuma. Mimi nimehamishiwa Dodoma kikazi. Nyumbani amebaki mama, ana miaka 71, pamoja na dada wa kazi. Mwezi uliopita wezi waliingia kwa jirani wa mtaa wa nyuma usiku akiwa amelala, nikaona niweke alamu. Fundi wa kwanza ameniletea kotesheni ya seti ya bila waya: boksi moja lenye king'ora humohumo, sensa sita za mwendo, remoti mbili. Wa pili bei yake ni karibu mara tatu: paneli ya boksi la chuma, kibao cha namba, sensa sita za mwendo, swichi nne za sumaku, ving'ora viwili, betri, kifaa cha laini ya simu, na 'rezista na vinginevyo'. Naomba unieleze kila kimoja kazi yake, kipi cha lazima na kipi nikiache. Nisije nikalipia mapambo."

Jibu:

Dada, pole na mawazo, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nianze na jambo ambalo kotesheni zote mbili zimelikosea, ya bei rahisi na ya bei ghali sawasawa. Sensa sita za mwendo ndani ya vyumba ni alamu ya nyumba isiyo na mtu, na nyumba yenu haikai bila mtu hata siku moja. Usiku mama ataamka kwenda chooni, dada wa kazi ataamka kunywa maji, na kila anayepita sensa itamwona. Ndiyo maana paneli, yaani ubongo wa alamu, huwa na namna mbili za kuwashwa: ya kutoka, ambapo kila sensa inafanya kazi, na ya kulala, ambapo sensa za ndani zinarukwa na kubaki za milango na za nje. Sasa piga hesabu. Saa nane usiku, saa hiyohiyo inayokukosesha usingizi huko Dodoma, sensa zako zote sita zimerukwa. Umelipia alamu ya mchana.

Kwa nyumba yenye watu waliolala, alamu ipige kelele mwizi akiwa bado upande wa nje wa mlango. Nitakupitisha kwenye vifaa nikiwa na hilo kichwani, si kwa mpangilio wa kotesheni.

Kifaa kidogo tu kwenye karatasi yako, hiyo swichi ya sumaku, ndicho nitakachokipigania zaidi. Ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja ukubwa wa kidole. Kimoja kina sumaku tu, kinafungwa kwenye mlango wenyewe. Kingine kinafungwa kwenye fremu, na ndani yake kuna kijichupa chembamba cha kioo chenye ndimi mbili za chuma. Sumaku ikiwa karibu ndimi zinagusana, umeme mdogo unapita, paneli inajua mlango umefungwa. Mlango ukiachama sentimita chache, ndimi zinaachana na paneli inajua. Hakuna cha kuchaji wala lenzi ya kufuta vumbi. Kijichupa hicho kilibuniwa Marekani miaka ya 1930 na mpaka leo hakijapata mrithi wa maana kwenye milango.

Fundi wako ameandika nne. Muulize nne zinakwenda wapi. Mara nyingi jibu ni mlango wa mbele, mlango wa jikoni, na milango miwili ya vyumba. Hizo za vyumba azihamishe. Nyumba za kwetu nyingi zina mlango wa grili nje na wa mbao ndani, na mafundi huweka swichi kwenye ule wa mbao kwa sababu ni rahisi kutoboa. Weka kwenye yote miwili, mbele na jikoni: hizo ndizo nne zako. Mwizi akikata kufuli la grili na kuivuta, alamu inalia hapo hapo, naye bado ana mlango mzima wa mbao mbele yake. Dakika anazopoteza kufikiria ndizo unazozinunua.

Ila kwenye chuma usikubali zile swichi ndogo nyeupe. Chuma cha grili kinainyonya nguvu ya sumaku, swichi inakuwa mara inashika mara haishiki, na wiki ya pili mama atakuwa ameichoka. Kuna swichi kubwa za mwili wa chuma, za kazi ya mageti, zenye sumaku nzito. Na zote zifungwe kona ya juu upande wa kitasa, siyo upande wa bawaba, maana upande wa bawaba mlango unaweza kufunguka nusu na sumaku bado iko karibu. Kwenye mbao mwambie aache nafasi kidogo: mlango wa mninga wa Januari siyo mlango wa mninga wa masika, unavimba.

Madirisha yana nondo, najua, na ndiyo maana watu wanayasahau. Nondo hukatwa kwa msumeno au hupanuliwa kwa jeki ya gari. Kuna sensa ya mtetemo, kijiboksi kinachofungwa kwenye fremu ya nondo, kinasikia msumeno ukianza au jeki ikikaza. Hiyo kwenye kotesheni zako haipo. Ningeweka mbili, kwenye madirisha ya nyuma yasiyofikiwa na mwanga wa taa, na ningekaa hapo hapo fundi akigonga nondo kwa bisibisi mpaka ijue tofauti ya kugonga na kukata. Wale vibaka wanaopitisha mti kwenye wavu wa dirisha na kuvua simu, kwao sensa haisaidii kitu. Simu isilale dirishani.

Nje ya nyumba kuna njia mbili za kupata habari mapema zaidi. Ya kwanza ni miale: vifaa viwili vinavyotazamana kwenye pande mbili za ua, kimoja kinatuma mwanga usioonekana, kingine kinaupokea, anayepita katikati anaukata. Nunua ile yenye miale miwili au zaidi inayotakiwa kukatwa kwa pamoja, la sivyo kunguru wa Dar watakulipisha usingizi. Maua ya ukutani nayo yakatwe, tawi likichezea mwale usiku wa upepo ni mateso. Ya pili ni fensi ya umeme juu ya ukuta: mashine yake inatuma pigo fupi la volti elfu kadhaa, karibu kila sekunde moja, na waya ukikatwa au kuguswa inatoa taarifa kwenye paneli. Fensi inahitaji nondo zake za ardhini peke yake, isichangie na za umeme wa nyumba, na iwe na vibao vya onyo. Kama fedha inatosha kimoja tu, kwa ukuta mfupi wa tofali ningechukua fensi, kwa sababu yenyewe inazuia na kutoa habari kwa pamoja. Mwale unatoa habari tu.

Haya, sensa za mwendo. Sijasema zitupwe. Nasema ziwe mbili: moja sebuleni, moja kwenye korido inayokwenda vyumbani. Hizi ni za siku mama anapokwenda kijijini kwenye msiba na nyumba inabaki tupu, na zinaziba pengo la mtu aliyepita darini. Nne zinazobaki, fedha yake ihamie kwenye mtetemo na fensi.

Inavyofanya kazi: haioni mtu, inaona joto linalohama. Ile plastiki nyeupe ya mbele yenye mistari ni lenzi inayokigawa chumba vipande vipande kama vya chungwa lililomenywa. Nyuma yake kuna jicho lenye sehemu mbili. Mwili wenye joto ukitoka kipande kimoja kuingia kingine, sehemu mbili za jicho zinapishana usomaji, na hapo inapiga. Kwa hiyo ifungwe konani, kwenye mita 2.2 hivi kutoka chini, mahali ambapo mtu atapita mbele yake kukata njia. Anayeiendea moja kwa moja inachelewa kumwona. Haioni kupitia kioo, kwa sababu joto la mwili halipiti kwenye kioo cha dirisha, basi asikudanganye mtu kwamba ya sebuleni italinda na veranda.

Na hapa kuna jambo la Dar ambalo kijitabu cha kiwandani hakikuambii kwa sauti. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 au 34 hivi. Sebule iliyofungwa mwezi wa pili, bila feni, nayo inakaribia huko. Mtu na ukuta wanalingana joto, sensa inakuwa kama mtu anayesoma maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe. Sensa nzuri hujiongezea ukali chumba kinapopata joto. Bei inatofautiana kidogo tu na ile ya kawaida, na tofauti hiyo ulipe.

Niliwahi kuitwa nyumba moja Mikocheni, alamu inalia kila usiku, baba mwenye nyumba ameshaacha kuiwasha. Mafundi wawili kabla yangu walibadilisha paneli na waya. Nilikaa sebuleni gizani na tochi iliyozimwa, kama mchawi. Baada ya nusu saa hivi kile kitaa chekundu cha sensa kikamulika peke yake. Nikawasha tochi: ndani ya lenzi kuna kivuli chenye vidole. Mjusi kafiri alikuwa amepita kwenye tundu la waya nyuma ya sensa, amejipatia chumba, na mayai mawili ameshataga juu ya saketi. Mjusi hana joto kama la mtu, lakini aliyelala juu ya jicho lenyewe anakuwa mkubwa kuliko mwizi. Dawa yake ni silikoni kidogo kwenye tundu la waya. Mwambie fundi aje nayo, ni kitu cha buku chache, na asipoijua sababu ujue ni mgeni wa kazi hii.

Sasa ubongo. Paneli ya boksi la chuma ndiyo inayosoma sensa zote, kuamua, kupiga king'ora na kupiga simu. Kila sensa au kundi la sensa linaingia kwenye kituo chake, mafundi tunaita zoni, ili kibao cha namba kikuambie "zoni 3, mlango wa jikoni" badala ya kulia tu kama mtoto asiyesema anaumwa wapi. Paneli ifichwe: ndani ya kabati la chumba cha mama au stoo inayofungwa. Kibao cha namba ndicho kinachokaa karibu na mlango, na kina sekunde thelathini hivi za kumpa mwenye nyumba nafasi ya kuingiza namba. Mwizi akikivunja kibao, ubongo uko kwingine na saa inaendelea kuhesabu.

Hapo ndipo seti ya fundi wa kwanza inapokufa. Ubongo, king'ora, betri na laini vyote viko kwenye boksi moja la plastiki ukutani sebuleni. Mtu anayejua ana hizo sekunde thelathini za kulifuata, kulibandua na kulipiga chini, na hakuna simu itakayotoka. Halafu hizo seti za bei ya chini nyingi hutumia remoti ya masafa ya 433 MHz yenye msimbo uleule kila siku. Mwenye kifaa cha kurekodi, nacho hakina bei kubwa, anaweza kuinasa remoti ya dada wa kazi akiwa getini, kisha akairudia usiku. Bila waya yenyewe siyo ubaya. Zipo nzuri ambazo msimbo hubadilika kila ukibonyeza na kila sensa hujiripoti kwa paneli. Lakini kumbuka kila sensa ya bila waya ina betri yake, mara nyingi ile fupi nene ya volti 3, na Dodoma hutajua imekwisha kama paneli haikutumii ujumbe. Kama nyumba yako ina dari la jipsamu, waya utapita juu. Chukua paneli ya waya inayokubali na vichache vya bila waya, ili vitufe vya dharura vya mama, nitakavyovifikia chini, visihitaji kutobolewa ukuta. Waya wa darini upite kwenye bomba, panya wa Goba hawachagui.

Neno "rezista na vinginevyo" ndilo linaloniambia fundi wako wa pili huenda anajua kazi. Huenda. Waya mbili zinazotoka kwenye paneli kwenda kwenye swichi ya mlango, zikiguswa pamoja, paneli inaona mlango umefungwa milele. Mtu anaweza kuzishikiza pamoja mchana akiwa fundi wa rangi, usiku akarudi. Ndipo rezista inapoingia: kipande kidogo kama punje ya mchele, chenye mistari ya rangi, kinachowekwa mwisho wa waya, ndani ya sensa yenyewe. Paneli inajua kiwango chake. Ikikiona, salama. Waya ukikatwa, kiwango kimepotea, inalia. Waya zikiguswa pamoja, kiwango kimekuwa sifuri, inalia au kuonyesha hitilafu.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi huzipanga rezista zote ndani ya boksi la paneli, kwa sababu ni haraka na zinapendeza zikijipanga mstari. Hapo hazilindi kitu, maana waya wote uliobaki uko nje yake. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo, nyumba nne, mpaka mzee mmoja aliyenifundisha kazi akafungua sensa mbele yangu, akagusanisha waya kwa bisibisi, akanitazama. Paneli ilikuwa kimya. Nilirudi nyumba zote nne kwa gharama yangu. Kwa hiyo siku ya makabidhiano mwombe fundi afanye hivyo hivyo: afungue kifuniko cha swichi ya jikoni, agusanishe waya zinazotoka kwenye paneli. Kibao kikikaa kimya, hujapokea kazi.

Betri. Karibu kila paneli ya namna hii inabeba betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile nyeusi nzito kama tofali dogo. Kwenye kotesheni yako imeandikwa "betri" tu. Mwambie aandike ampea-saa. Chukua paneli na kibao, tuseme vinakula milliampea 150, sensa nne 60, kifaa cha laini 70. Jumla 280. Ampea-saa 7 ukigawa kwa hizo unapata saa 25. Hizo ni za kwenye karatasi. Toa robo kwa sababu betri haitakiwi kukaushwa, toa tena kwa uzee, na king'ora kikilia kinakula mara kadhaa zaidi ya vyote hivyo. Usiku mmoja wa mgao inautosha bila shida. Siku mbili haiziwezi.

Sasa nikwambie adui wa alamu za nyumba za watu waliosafiri: LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. TANESCO hawajakata umeme, mtaa mzima unawaka, ila uniti zimeisha na mama hajui kuingiza tokeni au simu yake haina chaji. Betri inaanza kuliwa. Kesho yake jioni alamu imekufa kimya kimya, na mwizi anaona nyumba moja tu mtaani ina giza. Paneli zinazofaa hutuma ujumbe umeme wa nyumba ukikatika na betri ikishuka. Ujumbe huo uje kwako, ununue uniti ukiwa Dodoma, mama au dada wa kazi aingize tokeni kabla ya giza. Betri za aina hii joto ndilo linaloziua: kwa kila nyuzi kumi juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Boksi likikaa stoo chini ya bati, usitegemee miaka minne iliyoandikwa kwenye kijitabu. Ya kwangu naibadilisha kila baada ya miaka miwili, na tarehe naiandika juu yake kwa maka pen.

Ving'ora viwili ni sawa, wala usipunguze. Cha ndani kinamfukuza mwizi, maana mtu hawezi kusikiliza hatua za miguu ndani ya desibeli 110. Cha nje kinaita majirani. Sauti hupungua desibeli sita kila umbali ukiongezeka mara mbili, kwa hiyo kilichopimwa 115 ukiwa mita moja, kwa jirani wa mita 16 kimebaki kwenye 91, na hapo bado kuna ukuta, dirisha na feni. Kiwekwe juu, chini ya paa, mahali panapohitaji ngazi. Ukiweza ongeza fedha kidogo upate chenye betri yake ndani: waya wake ukikatwa, ndiyo kinaanza kulia. Kipangwe kinyamaze baada ya dakika nne au tano. Alamu inayolia saa nzima kwa ajili ya paka inawafundisha majirani kulala.

Kifaa cha laini ndicho kinachokupigia. Wengi siku hizi wanashawishiwa kutumia intaneti ya nyumbani peke yake. Umeme ukikatika na ruta imezimika, ndiyo mwisho wa ujumbe. Laini ya simu ibaki, intaneti iwe nyongeza. Laini isajiliwe kwa alama za vidole vyako wewe, na kitambulisho chako cha NIDA, siyo vya fundi. Nimeshakuta nyumba ambayo laini ya alamu ni ya fundi aliyehamia Mwanza, na hakuna anayeweza kuirudisha ilipofungwa. Weka salio la kawaida, maana kifurushi kinaisha muda wake na paneli haijui kununua kingine. Laini isiyotumika miezi kadhaa mtandao huifunga, kwa hiyo iruhusu paneli itume ujumbe wa majaribio kila wiki. Jumatatu asubuhi ukiukosa, unajua pa kuanzia.

Lakini dada, namba ya kwanza kupigiwa isiwe yako. Uko kilomita kama 450 mbali. Hata ungepanda treni ya SGR dakika hiyohiyo ni zaidi ya saa tatu. Namba ya kwanza iwe ya mtu anayeweza kufika getini kwa miguu: jirani wa ukuta mmoja, au kijana wa ulinzi shirikishi mnayemwamini. Ya pili mtu wa mtaa ule ule. Ya tatu wewe. Mjulishe na mjumbe wa serikali ya mtaa kwamba nyumba ina alamu, na namba ya polisi, 112, ibandikwe ukutani kwa maandishi ambayo mama anayaona bila miwani. Kama unachukua kampuni ya ulinzi yenye gari la kuitikia, kabla ya kusaini uliza gari lao linalala wapi usiku. Siyo ofisi yao iko wapi, gari linalala wapi. Wiki ya kwanza bonyezeni kitufe saa nne usiku bila kuwaambia, mkahesabu dakika. Ada ya mwezi ni ya hizo dakika.

Kitufe chenyewe hakipo kwenye kotesheni hata moja, na kwa mama wa miaka 71 ningekiweka kabla ya sensa yoyote ya mwendo. Kitufe cha dharura kinaingia kwenye zoni ya saa 24, yaani kinafanya kazi hata alamu ikiwa imezimwa, mchana kweupe. Kimoja kifungwe ukutani kando ya kitanda, upande anaolalia, usawa wa mkono akiwa amelala. Kingine kidogo cha kuvaa shingoni au mfukoni mwa kanga. Cha tatu chumbani kwa dada wa kazi. Vitamfaa hata siku hakuna mwizi, amedondoka bafuni.

Kuhusu namba za siri nitakuwa mfupi. Paneli nyingi hutoka kiwandani na 1234 kama namba ya mwenye nyumba, na namba nyingine ya fundi ambayo kila fundi anaijua. Zote mbili zibadilishwe ukiangalia. Dada wa kazi apewe namba yake peke yake, akiondoka inafutwa na ya mama haiguswi. Na kuna namba moja ya ziada, ya kulazimishwa: mtu akishikiwa panga aizime alamu, akiiingiza inazima kweli, ila kimya kimya inatuma ujumbe wa hatari. Mama achague anayoweza kuikumbuka akiwa na hofu. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wake wa kwanza, mathalani.

Kamera hukuniuliza na nakupongeza. Kamera itakuonyesha kesho alivyovaa. Zikija baadaye, sawa.

Kwa hiyo mrudie fundi wa pili. Sensa za mwendo zishuke mbili, swichi nne zihamie grili na milango ya nje, mitetemo miwili iongezwe, vitufe vitatu viongezwe, fensi iandikwe kwenye karatasi yake tofauti ili uifanye mshahara ukiruhusu. Bei inaweza isipande sana. Malipo ya mwisho, walau robo, yabaki mkononi mwako kwa wiki mbili.

Na siku ya makabidhiano uwepo wewe, chukua ruhusa ya siku moja. Zima swichi kuu ya umeme jioni, washeni alamu ya kulala, mlale hivyo hivyo mpaka asubuhi. Katikati ya usiku fundi akiwa ameshaondoka, mwambie mama abonyeze kitufe cha kitandani gizani, bila wewe kumwonyesha kilipo. Kama amekitafuta kwa kupapasa, kihamishwe.